Mninga, mkongo, mtiki, paini: nilivyozipima na zinavyoishi nyumbani kwangu

Naishi Tanga, kwenye joto na unyevu wa bahari, na nyumba yangu ina mbao za kila namna. Mlango wa mbele ni mkongo, vitanda na kabati ni mninga, meza ya kulia ni mtiki, rafu za stoo ni paini. Zote zimeshapita masika kadhaa, kwa hiyo naandika kwa ajili ya anayejiandaa kwenda kwa fundi seremala na hajaamua achukue mbao gani.

La kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza: usichague mbao kwa kuinyanyua. Muuzaji atakupa ubao mkononi akwambie "sikia uzito huo", nawe utadhani umepata mali. Kama mbao imepasuliwa juzi, sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Yakishakauka, ukiwa umeshalipa na kitanda kiko chumbani, mbao inajikunja na viungo vinaachia.

Mimi hupima mwenyewe, na kazi yake ni ndogo. Nachukua kipande kikavu, nakiranda mpaka kiwe sentimita 4 kwa 4, kisha nakikata urefu wa sentimita 6.25. Ujazo wake hapo ni sentimita za ujazo 100. Nakiweka kwenye mizani ya jikoni, gramu nilizopata nazidisha kwa 10, na hizo ndizo kilo kwa mita ya ujazo. Paini ilikuwa chini kidogo ya 500. Mninga na mtiki zilikaribiana, zote kwenye 600 na kitu. Mkongo ulifika 800 hivi. Kipande cha mpingo nilichopewa na mchonga vinyago kilivuka 1,200, na ukikitia kwenye ndoo kinazama, kwa sababu maji yenyewe ni 1,000. Hesabu hizi zinalingana na za vitabuni, ambako kwa kawaida mbao hulinganishwa zikiwa na unyevu wa asilimia 12.

Kinacholeta tofauti hiyo ni hewa. Ukuta wa seli ya mti, uwe wa paini au wa mpingo, una uzito ule ule wa karibu kilo 1,500 kwa mita ya ujazo. Paini ina nafasi nyingi tupu ndani yake, mpingo umeshonana.

Ugumu una kipimo chake. Gabriel Janka, mtafiti wa Austria, alikianzisha mwaka 1906: gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 inakandamizwa kwenye mbao mpaka nusu yake izame, na nguvu iliyotumika ndiyo ugumu. Mtiki unahitaji nyutoni 4,700 hivi, mpingo zaidi ya 16,000. Angalia hapo: mpingo ni mzito karibu mara mbili ya mtiki, lakini ugumu wake unapita mara tatu. Ndiyo maana mpingo unakula patasi na hakuna seremala anayekubali kukutengenezea kabati kwa mbao hiyo. Wacha uende kwenye vinyago vya Wamakonde na kwenye klarineti.

Sasa matumizi. Mtiki wangu, unaotoka mashamba ya Longuza kule Muheza, si mgumu kama watu wanavyoamini. Meza ina alama za vijiko na za sufuria iliyowahi kudondoka. Lakini mchwa hawaugusi na maji hayaushindi, kwa sababu una mafuta na kemikali zake za asili, na hizo huwezi kuziona kwenye mizani. Kwa fremu za madirisha upande wa mvua nauchagua bila kusita.

Mlango wa mkongo, ambao Wakenya wa Pwani wanauita mbambakofi, ni ngome. Parafujo haiingii mpaka utoboe kwanza kwa keekee, na bawaba mbili hazitoshi, weka tatu nene. Ufahamu jambo moja: ukilowa unaweza kutoa rangi ya manjano, basi usianike kanga mbichi juu yake.

Paini nitasema kwa ufupi. Ukucha unaacha alama, na isiyotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Kwa rafu za ndani na kenchi za paa, nunua ya dawa, inafaa na bei yake ni ya mtu wa kawaida.

Mninga ndio nitakaousifu mpaka nichoke. Si mzito, ugumu wake ni wa kati, ila haujinyongi. Unasinyaa kidogo sana unapokauka, na baada ya hapo unatulia. Droo za kabati langu zinateleza mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha kutwa, kama zinavyoteleza Januari. Kwa samani, sifa hiyo naiweka juu ya ugumu wowote. (Wakiranda, kaa mbali au funika pua, vumbi lake linawasha kifua.)

Na hapa ndipo wanaochagua kwa uzito wanapoumia zaidi. Kuna mbao za mti mwingine, uitwao mtundu, zinazopakwa rangi na kuuzwa kwa jina la mninga. Mtundu mara nyingi ni mzito kuliko mninga wenyewe, kwa hiyo mnunuzi anayebeba mbao mbili mikononi atauchukua ule wa kughushi kwa furaha. Mtundu ukikauka hujipinda na kupasuka. Mwambie fundi arande sehemu ndogo mbele yako kabla hajapaka chochote: mninga una rangi ya kahawia ya dhahabu yenye michirizi myekundu. Kisha pima. Kipande kikikupa 800, huo si mninga niujuao mimi.

Kazi yangu inayofuata ni ngazi, inayokanyagwa kutwa na miguu yenye mchanga wa pwani. Hapo mninga nauweka pembeni. Ngazi inataka ugumu, na nimeshaagiza mkongo mkavu, unene wa inchi mbili.