Uzoefu wangu na Kim, kijana jasusi niliyemjua kwanza kwenye sinia la maskauti

Jina la Kim nililijua miaka mingi kabla sijajua kwamba ni la mtu. Nilikuwa skauti wa shule ya msingi Mombasa, na kila Ijumaa jioni mwalimu wetu alikuwa akija na sinia lililofunikwa leso. Tunakaa duara, leso inafunuliwa dakika moja, inarudishwa, kisha kila mtu anaandika alichokiona: msumari, kifungo cha shati, karafuu, stempu ya posta, ufunguo, gololi. Vitu 24. Tukiuita mchezo wa Kim, na hakuna aliyeuliza Kim ni nani.

Nilipokuwa darasa la saba tulipelekwa Nyeri kuzuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki huko Januari 1941. Kwenye jiwe lake pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ambayo kwa maskauti ina maana ya "nimekwenda nyumbani". Ni hapo mwalimu alipotwambia kwamba mzee huyo aliutoa mchezo wetu katika riwaya iitwayo Kim, ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, iliyotoka mwaka 1901, akautia kwenye mwongozo wake wa skauti wa 1908. Kwa hiyo Kim alikuwa mvulana wa kitabuni, tena jasusi. Nikajiwekea nadhiri ya kukitafuta kitabu hicho. Imenichukua zaidi ya miaka 25 kuitimiza, na nimeitimiza kwa sababu mpwa wangu wa miaka 13 aliniomba "kitabu cha jasusi ambaye bado ni mtoto".

Nianze na upande wa mnunuzi. Kwanza niliagiza nakala ya karatasi kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Ilifika baada ya wiki tatu, jalada zuri, lakini sura ya tisa ilikatika katikati na kurasa zilizofuata zilikuwa za sura ya kumi na moja. Yaani palipokosekana ndipo moyo wa kitabu ulipo. Nilimwandikia mara mbili, hakujibu. Ukinunua ya karatasi, fungua uhesabu sura siku hiyo hiyo inapofika. Zinatakiwa ziwe 15. Mimi niliishia kukisoma kwenye simu, kutoka Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, bila kulipa hata senti, kwa kuwa Kipling alifariki mwaka 1936 na hakimiliki ya kazi zake imekwisha. Usiku tulisikiliza pia usomaji wa watu wa kujitolea wa LibriVox, nao ni bure. Kwa kitabu hiki kusikiliza kunasaidia kweli, kwa sababu kimejaa sauti za sokoni na za ndani ya treni.

Sasa huyo kijana. Kimball O'Hara ni yatima wa askari wa Kiayalandi, amelelewa kwenye vichochoro vya Lahore, katika India iliyotawaliwa na Waingereza, amebabuka kwa jua, na Kihindustani ndiyo lugha anayoiota. Shingoni amening'iniza hirizi ya ngozi yenye karatasi za marehemu baba yake. Tunamkuta ana miaka 13 hivi, amekalia mzinga wa vita uitwao Zam-Zammah mbele ya jumba la makumbusho, huku akiwafukuza watoto wenzake. Mzinga huo upo kweli, na mpaka leo unasimama Lahore, mkabala na makumbusho ambayo baba yake Kipling aliwahi kuyasimamia. Hapo anatokea lama mzee, yaani mtawa wa Kibuddha, kutoka Tibet anayetafuta mto wa kuoshea dhambi, na Kim anaamua kufuatana naye kama mwanafunzi wake, akiombaomba chakula kwa niaba ya mzee. Wakati huo huo Mahbub Ali, mfanyabiashara wa farasi, anampa ujumbe wa kupeleka mji wa Umballa kwa afisa mmoja wa Kiingereza. Kwa masikio ya watu ni habari ya nasaba ya farasi mweupe. Kwa masikio ya afisa ni habari ya vita. Mtoto hajui amebeba nini, ila anajua amebeba kitu.

Nimesoma hadithi nyingi za ujasusi, na katika nyingi shujaa huvaa jina la uongo kama koti: anaingia mahali, anapiga risasi, analivua. Kim ni tofauti, na ndiyo sababu nakipenda kitabu hiki kiasi hiki. Utambulisho wake wa kujificha ni ule tu alioishi tangu utotoni. Kinachomkaa vibaya ni ule wanaouita wa kweli. Kikosi cha baba yake kikimgundua, anapelekwa shule ya wazungu huko Lucknow, anavishwa viatu na suti, anaambiwa: wewe ni Sahib. Karo ni rupia 300 kwa mwaka, na anayezilipa ni yule lama. Likizo ikifika, Kim anamtafuta mwanamke mmoja mtaani ampake rangi mwilini, anavaa nguo za mtoto wa Kihindu na kutokomea barabarani. Naamini msomaji yeyote wa pwani atamwelewa. Mimi mwenyewe nyumbani nasema Kimvita, ofisini Kiswahili cha vitabu, na kwa rafiki zangu wa Nairobi nasema kingine kabisa. Ukiniuliza kipi nimekivaa na kipi ni ngozi yangu, nitafikiri kwanza.

Neno hilo Sahib lilinisimamisha kila lilipotokea. Kule India ni "bwana", mzungu mwenye amri. Kwetu, sahibu au swahiba ni rafiki wa kushibana. Shina ni moja, la Kiarabu, limevuka bahari likashika njia mbili. Na Kim mitaani wanamwita Rafiki Mdogo wa Dunia Nzima! Kwa hiyo hadithi yote ni ya mtoto anayevutwa na Sahib yule wa kwao na sahibu huyu wa kwetu. Kipling hakuandika akiifikiria Mombasa, najua, lakini ndivyo nilivyomsoma, na sijaona njia bora ya kumweleza mpwa wangu kinachomtesa Kim. Kuna raha nyingine ndogo za namna hii kwa msomaji wa Kiswahili. Utakutana na dobi, rupia na fakiri bila kufungua kamusi. Chunga tu neno hakim: pale ni tabibu wa dawa za kienyeji, wala hana habari na mahakama.

Sura ya tisa, ile iliyokatwa kwenye nakala yangu, ndiyo nilioirudia mara nyingi. Kim anapelekwa Simla, mji wa milimani, kwa Lurgan, muuza vito anayetibu lulu zilizopoteza mng'ao, ambaye kwa siri ni mwalimu wa wapelelezi. Kwanza Lurgan anajaribu kumtawala akili. Mtungi wa maji umeanguka ukavunjika vipande; anamshika shingo kwa nyuma, anamwambia autazame ukijiunga upya. Na Kim anaanza kuuona unajiunga. Alikuwa akifikiri kwa Kihindi. Ghafla akili yake inakimbilia jedwali la kuzidisha, kwa Kiingereza, lile alilokaririshwa Lucknow, na kila anapoishika hesabu picha ya mtungi mzima inafifia hadi vinabaki vigae sakafuni. Nilisoma kipande hicho kwa sauti, mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, rudia." Lugha ya pili imemwokoa mtoto kama mlango wa nyuma wa nyumba!

Kisha linaletwa sinia. Vito 15, anatazama, vinafunikwa karatasi. Kim anataja vya buluu vitano, vya kijani vinne na kimoja chao kina tundu, cha njano kimoja, kimoja kama shina la kiko, vyekundu viwili, halafu anakwama. Viwili vimemtoka. Mtoto mwenzake wa pale dukani, Mhindi mdogo kuliko yeye, anavitaja vyote pamoja na uzito wake na kasoro ya kila kimoja. Kim anaomba warudie kwa kitu kingine, anashindwa tena. Na siri ya mtoto yule ni kurudia mara nyingi tu, mpaka iwe sawasawa. Nilishusha simu nikakaa kimya kwa muda. Kumbe Ijumaa zile zote, gololi na karafuu zetu, tulikuwa tumekaa kwenye duka la Lurgan.

Baada ya shule Kim anarudi barabarani na lama, sasa akiwa mtumishi kamili wa kile kinachoitwa Mchezo Mkuu, yaani ushindani wa Uingereza na Urusi juu ya milima ya Asia ya Kati. Wenzake wana namba badala ya majina: Mahbub ni C.25, na Babu Hurree, Mbengali msomi, ni R.17 (Babu kule ni jina la heshima la msomi, si mzee). Kwenye treni anaingia mtu aliyejeruhiwa, E.23, anayesakwa, na Kim ana dakika chache kabla ya kufika Delhi. Anamgeuza fakiri wa Kihindu kwa majivu ya buruma, unga, rangi na afyuni ya kuyafanya macho yawe mekundu. Ukiangalia kwa makini utaona hakumfunika uso wala kumpa ndevu za bandia. Amebadilisha kile watu wanachotarajia kuona wakikutana na mtu wa aina ile. Kama unampa mtoto kitabu hiki, mwambie aipunguzie mbio sehemu hiyo.

Babu Hurree naye anastahili neno. Mwandishi anamchora mnene, msemaji sana, anayekiri kila mara kwamba ni mwoga, na kuna kurasa anamfanya kichekesho kwa namna isiyonipendeza. Lakini tazama anachofanya: anapanda milima peke yake, katikati ya mvua, anajifanya wakala wa raja mmoja, mwenye chuki na Waingereza, anawaongoza majasusi wa Kirusi na Kifaransa siku nyingi huku akiwatabasamia. Kwangu yeye ndiye jasusi hodari kuliko wote kitabuni.

Na hapa niseme kinachonikera. Kipling alizaliwa Bombay mwaka 1865, aliipenda India kwa kila pua na sikio, na bado hakuweza kuiona bila Mwingereza juu yake. Askari mzee anayesimulia vita vya 1857, askari wa Kihindi walipowaasi Waingereza, anaviita wazimu uliowaingia wanajeshi. Hakuna hata mtu mmoja wa maana katika kitabu anayesema: hii ni nchi yetu, ondokeni. Edward Said, mhakiki wa fasihi mwenye asili ya Palestina, aliliandika jambo hili vizuri katika utangulizi wa toleo la Penguin la 1987, na nashauri mtu mzima ausome baada ya riwaya. Sisi tuliozaliwa kwenye nchi iliyodai uhuru wake kwa damu hatuwezi kulipita kimya. Nilimwambia mpwa wangu wazi: Kim anampenda kila mtu barabarani, na kazi aliyopewa ni ya kuwalinda wanaowatawala watu hao hao. Aliuliza kama Kim anajua. Nadhani anahisi, ndiyo maana mara kadhaa anakaa peke yake akijiuliza Kim ni kitu gani hasa, mpaka jina lake linampotea mdomoni.

Kuhusu lugha, jiandae. Ni Kiingereza cha zamani chenye sentensi ndefu, na watu wanapozungumza Kihindustani mwandishi huwapa viwakilishi vya kale kama vya Biblia, ili ujue wamebadili lugha. Ukishalielewa hilo, mambo huwa mepesi. Kabla ya hapo utahisi umepotea. Sura mbili za kwanza zina majina mengi. Kwa mtoto wa miaka 13 naona ni vyema asome na mtu mzima kando.

Kuna habari ya kweli niliyompa akiwa amechoka na maelezo ya milima. Mwaka 1912, huko huko Ambala (ndiyo Umballa ya kitabuni) ambako Kim alipeleka nasaba ya farasi, alizaliwa mtoto wa Kiingereza aitwaye Harold Philby, akapewa lakabu ya Kim kutokana na riwaya hii. Akakua, akaingia idara ya ujasusi ya Uingereza, akapanda ngazi, na muda wote alikuwa akiwatumikia Wasovieti, hadi alipotorokea kwao kutoka Beirut Januari 1963. Macho ya mpwa wangu yalifunguka, na tukamaliza sura ile.

Nakala ya simu ingalipo, nimeweka alama sura ya 13, pale Mrusi anaponyosha mkono kuuchukua mchoro mtakatifu wa lama na karatasi inachanika. Mpwa wangu alitupa blanketi akasimama. Kim naye alikuwa ameshamrukia.

Jumamosi iliyopita alinitandikia sinia la chai jikoni, akalifunika leso ya mamake, vitu 24 kama nilivyomfundisha. Nilitaja 22. Vilivyonitoka ni iliki moja na pini ya mtandio.