Recado rojo ya bonge: uzoefu wangu wa kuipikia na kuihifadhi

Ninayoizungumzia ni recado rojo, viungo vya zingefuri vya rasi ya Yucatán, Meksiko, vinavyouzwa vikiwa bonge la gramu 100 lililobanwa na kufungwa kwa plastiki ndani ya kiboksi. Humo mna mbegu za mzingefuri zilizosagwa, chumvi, siki, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari nyembamba na oregano. Wengine huongeza unga wa mahindi ili bonge lishikamane. Kwa nyama ya kuiva taratibu sijaona cha kushindana nayo, ila ina sharti: iyeyushwe kwenye maji ya matunda machachu kabla haijaonja moto. Wanaolalamika kwamba ina ladha ya udongo au inaacha uchungu, mara nyingi wamelimega bonge moja kwa moja kwenye sufuria.

Sababu yake ni hii. Rangi ya zingefuri, iitwayo biksini, huyeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hata kidogo haikubali. Maji ya danzi, yaani chungwa chungu, kazi yake ni kulivunja bonge, kulainisha unga wa mbegu na kuipa ladha ile ya udongo kitu cha kuikata. Baadaye mafuta ya nyama yanapotoka ndipo rangi inapokolea. Bonge kavu likitupwa kwenye mafuta ya moto, nje kitunguu saumu na unga vinaungua huku katikati kumebaki kubichi, na uchungu ukishaingia haufichiki kwa sukari wala nyanya.

Kwa cochinita pibil, yaani nguruwe wa Yucatán anayepikwa taratibu ndani ya majani ya mgomba, bonge zima linatosha kilo 2 za mkono wa nguruwe wenye mafuta. Livunje kwa vidole ndani ya mililita 250 za maji ya danzi, liache dakika kumi, kisha saga kwa blenda pamoja na punje nne za kitunguu saumu. Danzi likikosekana, changanya vipimo viwili vya maji ya chungwa na kimoja cha ndimu. Chungwa tupu ni tamu mno. Pitisha rojo kwenye chujio. Mbegu za mzingefuri ni ngumu sana na hata kiwandani hubaki chembe zinazokwaruza ulimi, kwa hiyo hatua hii siiruki kamwe. Onja kabla ya kuongeza chumvi kwa sababu bonge tayari linayo. Mimi huanza na kijiko kimoja cha chai kwa kilo hizo mbili, nikirekebisha mwishoni.

Kata nyama vipande vya ukubwa wa ngumi, ipake rojo, iweke kwenye friji kwa muda wa saa nne hadi usiku kucha. Majani ya mgomba yapitishe juu ya moto mpaka yang'ae na kulegea, la sivyo yatapasuka na mchuzi wote utavuja. Funga nyama, funika sufuria vizuri, pika kwenye oveni nyuzi 160 kwa saa tatu hadi tatu na nusu. Nyama ikichambuka kwa uma bila kuvutana, imeiva. Ikigoma, ongeza muda, usiongeze moto. Irudishe kwenye mchuzi wake baada ya kuichambua, kwa maana rangi na ladha nyingi zimebaki humo. Vitunguu vyekundu vilivyolowekwa kwa maji ya danzi na chumvi viwepo mezani, maana mlo huu una mafuta mengi.

Kuku wa kilo moja na nusu anahitaji nusu bonge na saa nne za kulowekwa. Samaki, kama ilivyo tikin xic, samaki wa kuchoma aliyepakwa recado wa pwani ya Yucatán, dakika thelathini zinamtosha, kwani uchachu ukizidi unamkausha na kumvunja. Ukichoma juu ya makaa, pangusa rojo la ziada na uweke nyama pembeni mwa moto.

Kwenye kuhifadhi, adui ni watatu: maji, mwanga na hewa. Bonge lisilofunguliwa hukaa kabatini, pakavu na penye giza, hadi tarehe iliyoandikwa. Likishafunguliwa, kata kwa kisu kikavu, lizungushie foili kwa kulibana, litie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, weka kwenye friji. Chumvi na siki huliwezesha kukaa miezi kadhaa. Likikauka na kuwa gumu halijaharibika, ni kuongeza tu muda wa kulowekwa. Likififia kutoka wekundu wa tofali hadi kahawia, rangi imekufa na ladha imepungua, na hapo kuongeza kipimo kunaongeza udongo tu.

Ukiona weupe juu yake, dondoshea tone la maji. Chembe za chumvi zitayeyuka. Ukungu una manyoya na hauyeyuki, na hapo tupa bonge zima, usikwangue.

Rojo lililokwisha kuchanganywa na maji ya danzi halikai kama bonge: juma moja kwenye friji, au ligandishe kwenye trei ya barafu ulitumie ndani ya miezi mitatu. Rojo lililogusana na nyama mbichi halirudi chupani. Na lenye kitunguu saumu kibichi usilifunike kwa mafuta na kuliacha nje ya friji. Chini ya mafuta hakuna hewa, na humo vijidudu vya botulizimu, vyenye sumu hatari kwa mlaji, vinaweza kukua bila kubadili harufu.

Madoa ni gharama halisi ya kiungo hiki. Jagi la plastiki la blenda hubaki na rangi ya machungwa, hivyo tumia la kioo kama unalo. Doa la plastiki lisugue kwanza kwa mafuta ya kupikia, ndipo sabuni. Nguo ifue kwa sabuni ya kukata mafuta, kisha ianike juani, kwa kuwa mwanga uleule unaoharibu bonge hufifisha na doa.

Unaponunua, soma orodha ya viambato. Baadhi ya mabonge yametiwa rangi ya kiwandani: yanang'aa wekundu mkali hata yakiwa makavu, na mchuzi wake una rangi nyingi kuliko harufu. Ninalolichagua ni lile ambalo mbegu za mzingefuri zimetajwa mwanzoni, na ambalo likimegwa linanukia siki na oregano papo hapo.