Usiruke nyimbo: filamu za Kihindi zinazostahili saa zako tatu

Anayeanza kutazama filamu za Kihindi hufanya kosa moja mapema sana: muziki ukianza tu, anasogeza picha mbele. Anadhani hadithi imesimama kupisha ngoma. Katika filamu mbovu hakosei. Wawili wanatazamana mjini Mumbai, ngoma inalia, mara wako kwenye theluji ya Uswisi wamebadilisha nguo mara tano, kisha wanarudi palepale walipoachwa. Lakini katika filamu nzuri, wimbo hufanya kazi ambayo mazungumzo ya nusu saa yasingeiweza. Kipimo chenyewe ni rahisi: ng'oa wimbo, uone kama hadithi bado imesimama wima. Ikisimama bila kuyumba, ule ulikuwa pambo tu.

Kipimo cha pili ni mapumziko. Filamu hizi hujengwa kwa vipande viwili. Mwandishi anajua kwamba katikati taa za ukumbi zitawashwa na watu watatoka nje, hivyo lazima awaachie fundo la kuwarudisha kwenye viti. Nusu ya kwanza wengi wanaiweza. Ni ya pili inayomtenga fundi na mbabaishaji.

Filamu inayofaulu vipimo vyote viwili kuliko nyingine yoyote ninayoweza kuitaja ni Lagaan ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Ashutosh Gowariker. Ina urefu wa saa 3 na dakika 44, na urefu huo una sababu. Mwaka ni 1893, kijiji kina ukame, na ofisa wa Kiingereza anawatega wakulima: wakiishinda timu yake kwenye kriketi, wanasamehewa kodi kwa miaka mitatu, wakishindwa, wanalipa mara tatu. Wana miezi mitatu kujifunza mchezo wasioujua. Wimbo wa kwanza mkubwa ni wa mawingu. Kijiji kizima kinatoka nje kucheza chini ya anga jeusi, ngoma za A.R. Rahman zinanguruma kama radi yenyewe, halafu mawingu yanapita na tone halidondoki. Ukiuruka wimbo huo, hutaelewa kwa nini watu hawa wanakubali dau la kichaa kiasi hicho. Njaa yao umeionyeshwa kwa matumaini yaliyokatika mbele ya macho yako.

Tazama pia jinsi timu inavyokusanywa. Kila mchezaji anakuja na ujuzi wa kazi yake: mfuga kuku anadaka vizuri kwa sababu siku nzima anakimbiza kuku, na mwingine anarusha mpira kama anayezungusha kombeo. Kachra, ambaye tabaka lake linahesabiwa najisi, ana mkono wenye kilema unaoufanya mpira ujipinde ukigusa ardhi. Wanakijiji wanagoma kucheza naye, na Bhuvan, kijana anayeiongoza timu, anayeigizwa na Aamir Khan, analazimika kuwakabili. Sasa angalia ufundi: siku ya kwanza ya mechi Kachra anapewa mpira na anashindwa kabisa. Sababu ni ya kimchezo, wala si ya kimiujiza. Mpira mpya haujipindi kama ule uliochakaa. Siku ya pili mpira umeshakwaruzika, na wapinzani watatu wanatolewa mfululizo. Asiyejua kriketi anajifunza kanuni hiyo bila kusomewa darasa, na anayeijua anaridhika. Mechi yenyewe inachukua zaidi ya saa moja ya filamu na haichoshi, kwa kuwa kila anayeshika gongo tayari unamfahamu kwa jina, kwa kazi na kwa hofu yake.

Ila yule dada wa ofisa anayewafundisha wanakijiji amepewa mapenzi ya upande mmoja yasiyokwenda popote, na waigizaji wa Kiingereza wengi wao wamepakwa rangi moja tu ya ubaya. Hapo filamu inalegea.

Ukitaka kuona wimbo ukifanya kazi ya upanga, tazama Mughal-e-Azam ya K. Asif, ya mwaka 1960. Mcheza ngoma wa ikulu, Anarkali, amependwa na mwana wa mfalme, na mfalme hataki. Anaitwa acheze mbele ya baraza, na anachoimba ni kwamba aliyependa hana cha kuogopa. Anamwambia mfalme usoni, mbele ya watu wake, katika ukumbi uliojaa vioo. Kisha kamera inaonyesha dari: sura ya Madhubala inazunguka katika kila kipande cha kioo, popote mfalme atakapoinua macho. Ule si mchezo wa kuburudisha, ni uasi.

Hapa chagua nakala kwa makini. Filamu ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na sehemu chache tu, ukiwamo wimbo huo, zikapigwa kwa rangi. Mwaka 2004 ikatolewa nakala iliyopakwa rangi yote. Wengi wanaipenda kwa sababu inang'aa. Mimi nasema tafuta ya zamani. Ukishakaa muda mrefu kwenye kijivu, ukumbi wa vioo unapolipuka kwa nyekundu na dhahabu moyo unaruka. Katika nakala ya 2004 rangi imekuwapo tangu mwanzo, na mshtuko huo umekufa.

Sholay ya Ramesh Sippy, iliyotoka tarehe 15 Agosti 1975, husifiwa kwa bunduki na farasi, na kwa Gabbar Singh wa Amjad Khan, ambaye kwa wengi ndiye jambazi mkuu kupita wote wa sinema hii. Sifa ni za haki. Lakini nguvu yake hasa iko kwenye vitu ambavyo waandishi Salim Khan na Javed Akhtar wamevificha. Kijiji kinashambuliwa siku ya sikukuu ya rangi. Jai na Veeru, wahalifu wawili walioajiriwa na Thakur, ofisa wa zamani wa polisi, wamkamate Gabbar, wamebanwa, bunduki imelala karibu na miguu ya Thakur, na Thakur haiokoti. Wawili hao wanamwona msaliti. Hapo ndipo Thakur anaposimulia yaliyompata, na mwisho wa simulizi upepo unaipeperusha shali aliyojifunika muda wote: hana mikono. Rudi nyuma baada ya kumaliza, utazame kila tukio lenye Thakur mbele ya pale. Shali ipo mabegani, hashiki kitu, na hukushtuka hata mara moja.

Kuna pia jambo dogo linalojirudia. Jioni, mjane Radha anapita kibarazani akizima taa moja baada ya nyingine. Jai amekaa nje ng'ambo, anapiga kinanda cha mdomo. Hawasemi neno. Muziki wa R.D. Burman pale ni mistari michache tu, na kila taa inayozimika inasema kwamba mapenzi haya hayana njia. Mwenye haraka atapaona hapo pa kwenda kuchukua maji. Ndipo mwisho wa filamu utakapomkuta mikono mitupu.

Kuhusu mwisho: nakala iliyozoeleka inawaleta polisi dakika za mwisho, na Gabbar anakamatwa. Ni shinikizo la bodi ya ukaguzi, wakati India ikiwa chini ya hali ya hatari. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake. Ukiipata nakala yenye mwisho huo, ichukue. Hadithi yote imejengwa kuelekea kwenye miguu ile, na hotuba ya polisi kuhusu sheria inaingia kama mgeni asiyealikwa. Dosari nyingine ni vichekesho vya gerezani. Ni virefu mno, na mlinzi mkuu anayemwigiza dikteta wa Kijerumani anarudia utani uleule.

Dilwale Dulhania Le Jayenge, ya Aditya Chopra, ilitoka mwaka 1995 na ikaendelea kuonyeshwa kwa miaka na miaka katika ukumbi wa Maratha Mandir mjini Mumbai. Raj na Simran, vijana wa Kihindi waliokulia London, wanapendana, lakini baba yake Simran ameshamchagulia mume mwingine huko Punjab. Mgawanyo wake ni wa wazi: nusu ya Ulaya, nusu ya Punjab. Ya Ulaya ina utani wa Raj unaochosha, na mtazamaji wa leo atamwona msumbufu kuliko mcheshi. Vumilia, kwa sababu ya pili inageuza meza. Mama yake Simran anawapa vito vyake na kuwaambia watoroke, na Raj anakataa. Anataka baba ampe binti kwa mkono wake. Basi kila asubuhi anakwenda kusimama kando ya mzee anayelisha njiwa. Ukikumbuka filamu ilianza na mzee huyohuyo akilisha njiwa London, amefungwa koti na upweke, utaona kijana ameingia mahali penyewe palipo na kidonda.

Tukio lililo bora kuliko yote hata hivyo halina Raj ndani yake. Mama, anayeigizwa na Farida Jalal, anakaa na binti yake na kumwambia jinsi alivyojiapiza kwamba mwanawe hatadhulumiwa kama yeye alivyodhulumiwa kwa kuwa mwanamke, kisha papo hapo anamwomba aisahau ndoto yake. Filamu inaujua uchungu huo, halafu inawaachia wanaume wawili waamue hatima ya Simran kwenye jukwaa la treni. Hilo ni doa lake kubwa, hata kama ule mkono unaonyoshwa mlangoni mwa treni bado unakaza koo.

3 Idiots ya Rajkumar Hirani, ya mwaka 2009, ina wimbo mmoja unaostahili kusomwa kama somo. Mwanafunzi aliyenyimwa shahada anaimba kwa gitaa akiomba apewe nafasi nyingine ya kukua. Wenzake wanaitengeneza helikopta yake ndogo yenye kamera, wanairusha kwa shangwe hadi dirishani kwake wamwonyeshe, na kamera hiyohiyo ndiyo inayomkuta amejinyonga. Wimbo wa furaha umetupeleka wenyewe mpaka dirishani. Baada ya hapo filamu haifikii tena kilele hicho. Uzazi unaookolewa kwa mashine ya kunyonya vumbi ni msaada uliokuja kirahisi mno, na utani wa hotuba unaogeuza neno moja kuwa ubakaji haustahili kicheko.

Dangal ya Nitesh Tiwari, ya mwaka 2016, inatumia nyimbo kwa namna nyingine: hakuna anayesimama kucheza. Mabinti wanaofundishwa mieleka na baba yao wanamlalamikia kupitia sauti za waimbaji, na wakati huohuo tunaona miezi ya mazoezi ikipita, nywele zikikatwa, matope yakikauka mwilini. Pambano kali kuliko yote ni la nyumbani, binti mkubwa, Geeta, akimwangusha baba yake aliyezeeka pumzi, kisha kimya. Fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2010 imeongezewa chumvi: baba kufungiwa chumbani ni jambo la kutungwa, na katika pambano la kweli Geeta Phogat alimshinda mpinzani wake wa Australia kwa tofauti kubwa. Kanuni za pointi, hasa ile ya kumrusha mpinzani kwa pointi tano, zinaelezwa mapema. Zishike, maana mwisho unazitegemea.

Juu ya tafsiri ya maandishi chini ya picha: kagua kwanza kama nyimbo nazo zimetafsiriwa. Nakala nyingi huziacha tupu, na hapo ndipo mtu anapoanza kusogeza mbele. Halafu tega sikio kwenye “aap” na “tum”, maneno mawili ya Kihindi ya kumwita mtu “wewe”. La kwanza ni la heshima, la pili la ukaribu, na wahusika wakihama kutoka moja hadi jingine, kitu kimebadilika kati yao ambacho maandishi hayakionyeshi. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati yake: duniya, waqt, safar, khabar, kitab, rang na mohabbat atayatambua bila mkalimani.

Na kama saa tatu zinakutisha, anza na Andhadhun ya Sriram Raghavan, ya mwaka 2018. Mpiga piano anayejifanya kipofu anaingia nyumba ya watu, anaona maiti sakafuni, na hawezi kuonyesha kwamba ameona. Mwenye nyumba, anayeigizwa na Tabu, anamwambia apige. Anapiga. Nyuma yake maiti inaburutwa, damu inafutwa, ishara za mikono zinapishana, hakuna neno linalosemwa kuhusu kinachotendeka, na vidole vyake havipaswi kukosea hata noti moja. Nusu ya pili inapoteza mwelekeo kwenye biashara ya viungo vya binadamu, ila usizime kabla ya sekunde za mwisho. Itazame fimbo yake, na kopo lililo njiani.