Star Trek: The Next Generation kwenye Blu-ray: anza na msimu wa 3

Tangu runinga bapa zilipozifukuza TV za chogo sebuleni, tamthilia za zamani zimeuzwa tena na tena kwa jina la HD, na nyingi ni kiini macho: picha ileile ya kanda ya video, imetanuliwa ijaze kioo, ikatiwa ukali mpaka nyuso zikawa kama za nta. Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu iliyotolewa kwenye diski za Blu-ray, haimo kwenye kundi hilo. Sehemu zake zote 178 zimejengwa upya kutoka kwenye filamu yenyewe, na kazi hiyo ndiyo inayoeleza pia kwa nini misimu saba ya seti hii hailingani kwa ubora.

Ilirushwa Marekani kuanzia Septemba 1987 hadi Mei 1994. Waigizaji walipigwa kwa filamu ya milimita 35, yenye undani ambao runinga za wakati ule zisingeweza kuuonyesha hata robo. Uhariri, hata hivyo, ulifanyika kwenye video. Filamu ilihamishiwa kwenye kanda. Chombo cha anga, nyota na miali ya silaha vikaunganishwa humohumo kwa mistari 480. Kwa hiyo hakukuwa na nakala kamili ya filamu kwa sehemu hata moja. Zilibaki roli za filamu mbichi kwenye maboksi, na kanda zenye picha iliyofifia kama iliyopakwa mafuta ya mgando. DVD zilitoka kwenye kanda hizo. Ndiyo maana ukiziweka kwenye TV ya inchi 55 zinatia huruma, hata deki iwe ya bei gani.

CBS, kampuni iliyoimiliki tamthilia, walirudi kwenye maboksi. Roli zilisomwa upya, zikakatwa shoti kwa shoti kufuata uhariri wa awali, kisha kila picha ya chombo ikaunganishwa tena. Enterprise, yaani chombo chenyewe, unayoiona ni modeli ileile iliyopigwa wakati wa utengenezaji. Hawakuitupa wakaweka ya kompyuta, na kwa hilo wanastahili pongezi. Kilichobuniwa upya ni kile kilichokuwa kwenye video pekee: miali, sayari nyingi, na lile dude la fuwele kwenye "Datalore", sehemu ya msimu wa 1. Vipande vichache ambavyo filamu yake haikupatikana vilikuzwa kutoka kwenye kanda. Utavitambua mara moja, picha inalegea kwa sekunde kadhaa halafu inarudi.

Uwazi huo una gharama yake. Utaona makaratasi meusi yaliyobandikwa kwenye skrini za chombo kuzuia mng'ao wa taa. Utaona madoa ya zulia. Kwenye ngumi, sura ya anayepigana kwa niaba ya mwigizaji inaonekana waziwazi, na wala hafanani naye. Nani atalalamika? Nguo za msimu wa 3 zina nyuzi unazoweza kuzihesabu.

Picha ni 4:3, umbo la TV za zamani, na mistari myeusi pembeni si kasoro. Pembezoni mwa filamu kuna stendi za taa na vifaa vya wapigapicha, na athari za picha zote zilipangwa kwa umbo hilo. Kosa linalofanyika majumbani ni kubonyeza "Wide" kwenye rimoti, Kapteni Picard akawa mfupi na mnene kama debe. Weka ukubwa wa picha kwenye "Original" au "4:3", zima ulainishaji wa mwendo (motion smoothing), kisha shusha ukali (sharpness) karibu na sifuri, kwani chembechembe unazoziona ni za filamu, na TV ikizinoa zinageuka mchanga.

Sauti ni ya chaneli 7.1 (spika saba na moja ya besi), pamoja na stereo ya awali. Hapa msimu wa 1, uliotoka Julai 2012, uliharibiwa: kwenye baadhi ya diski chaneli za mbele zilipangwa vibaya, maneno yakasikika mahali pasipo pake. Diski mbadala zilitolewa, ila za mwanzo bado zinazunguka kwenye soko la mitumba. Ukiangukiwa nazo, chagua stereo kwenye menyu na tatizo linakwisha.

Msimu wa 1 una aibu nyingine ambayo hakuna usafishaji unaoiondoa. "Code of Honor" inatuonyesha sayari ya watu weusi watupu, na chifu anayemteka afisa mzungu awe mkewe. Hii ndiyo Star Trek ileile ambayo mwaka 1966 ilimpa luteni wake jina la Uhura kutokana na neno letu uhuru, na kwenye "The Man Trap" ikamsikizisha Kiswahili. Iruke bila majuto.

Msimu wa 2 ndio dhaifu kuliko yote kwa picha, kwa sababu ulipelekwa kampuni ya nje, na rangi na uunganishaji wake haviko thabiti. Sababu ya kuununua ni moja, "The Measure of a Man" katika toleo refu, lenye mandhari zilizokatwa mwaka 1989. Kesi ya Data, yule afisa roboti, inapumua vizuri zaidi humo.

Kwa pesa za seti moja, nunua msimu wa 3. CBS waliurudisha mikononi mwao, rangi ya ngozi imetulia, na hadithi zenyewe ndipo zilipopata miguu: "Yesterday's Enterprise", kisha "The Best of Both Worlds" inayokuacha kwenye mataa hadi msimu wa 4. Kabla ya kulipa, soma nyuma ya boksi. Deki nyingi zinazouzwa kwetu ni za eneo (region) B, diski iliyofungiwa eneo A la Marekani haitacheza humo, na muuzaji wa Marekani hatakukumbusha.

Deep Space Nine na Voyager, tamthilia za Star Trek zilizofuata, hazijapata matengenezo haya. Athari zake nyingi zilitengenezwa kwa kompyuta kwa ukubwa wa video, hivyo zingebidi zichorwe upya, na mauzo ya seti hii hayakuwapa CBS hamu ya kulipia. Ukikuta Blu-ray ya Deep Space Nine mtandaoni, ujue ni DVD iliyovalishwa boksi la bluu.