Tarantula wa Usambara: namna ya kukagua rangi kabla hujalipa (uzoefu wangu, Tanga)

Huduma ninayoizungumzia ni ya mzalishaji mmoja wa hapa Tanga mjini, anayeuza vitoto na wakubwa kidogo wa Pterinochilus murinus, yule buibui mwenye manyoya ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamwita kwa jina la milima yetu ya Usambara. Nampa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeibakiza kwa sababu nitakazozieleza, na zote zinahusu jambo lilelile: mnunuzi anaonyeshwa buibui katika hali ambayo si rahisi kuijua rangi yake halisi.

Aliyeelezea spishi hii kisayansi ni Pocock, mwaka 1897. Buibui huyu anapatikana eneo kubwa sana la Afrika, mashariki na kati hadi kusini, na magharibi anafika Angola. Kwa ukubwa huo si ajabu rangi zikatofautiana mahali hadi mahali. Wafanyabiashara wamezigawa katika makundi wanayoyaandika kwa herufi, yakiwemo haya matatu. RCF ndiye wa Usambara, wa rangi ya chungwa. TCF ndiye wa kawaida, wa kaki au manjano inayoelekea kahawia. DCF ni mweusimweusi, kijivu kilichokolea. Wote ni spishi moja, tabia ni moja, sumu ni moja. Kinachobadilika ni rangi, na bei.

Usianze na rangi. Anza na mchoro, kwa sababu mchoro unakusaidia kujua ni spishi gani, na rangi inakuambia tu ni kundi gani ndani ya spishi hiyo. Angalia ngao ya mgongoni, ile sehemu ngumu ya mbele inakoota miguu. Katikati yake pana kishimo kidogo, na kutoka hapo mistari inasambaa pande zote kama miale ya jua linapochomoza. Kisha angalia tumbo kwa juu: lina mchoro mweusi unaofanana na mifupa ya samaki, uti katikati na mbavu kila upande. Hiyo miwili ikiwepo na iko wazi, sasa nenda kwenye rangi. RCF mkubwa ana chungwa mwili mzima, miguuni hadi karibu na ncha, na weusi umebaki kwenye michoro tu. TCF ana michoro ileile juu ya rangi ya udongo mkavu, na mara nyingi inaonekana wazi zaidi kuliko kwa RCF. DCF michoro yake inazama kwenye weusi, itabidi umulike kwa pembeni ndipo uione.

Taa ndiyo inayowaponza wengi. Mzalishaji huyu anawaweka buibui wake chumba cha ndani, chini ya balbu ya manjano. Chini ya balbu hiyo TCF mwenye manjano kidogo anakuwa chungwa kabisa, na ukimpiga picha kwa simu, simu nayo inaongeza yake. Omba kopo litolewe barazani, kivulini, si juani, kuanzia saa nne asubuhi hivi. Weka karatasi nyeupe kabisa chini na nyuma ya kopo. Karatasi ikionekana ina manjano, mwanga huo haufai, sogea. Karatasi ikiwa nyeupe, rangi unayoiona kwenye miguu ndiyo yenyewe. (Kulinganisha na chungwa la Muheza hakusaidii, lile hubaki na ukijani hata likiiva.) Kama unanunua ukiwa mbali, dai picha yenye karatasi nyeupe na rula ndani yake, na video fupi iliyopigwa mahali hapohapo. Hili nimsifu: nilipoomba, alitoa makopo yote nje bila kununa.

Jambo la pili ni kujivua ganda, na hapa ndipo pana utata mkubwa zaidi. Buibui anayekaribia kujivua anafifia. RCF safi kabisa anaweza kuonekana kahawia chakavu, tumbo limevimba na kuwa jeusi, hali chakula, amejifungia ndani ya utando. Ukimwona hivyo utasema si wa Usambara. Akishajivua anawaka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: amejivua lini mara ya mwisho? Mzalishaji makini anaandika tarehe kwenye kopo. Huyu anaandika kwa wakubwa, kwa vitoto haandiki, na hapo nimempunguzia alama.

Lakini usichukue aliyetoka kujivua leo kwa kuwa tu rangi imewaka. Mwili bado ni laini, miguu inaweza kujipinda au kukatika njiani. Angalia meno: yakiwa meupe au mekundu, hayajakauka. Yakishakuwa meusi tii, mpe tena siku chache. Kwa kitoto wiki moja hivi inatosha, kwa mkubwa ngoja wiki mbili au zaidi, ndipo umsafirishe na umpe chakula.

Vitoto vina shida yake. Kikiwa chini ya sentimita 1.5, kwa kupima kutoka ncha ya mguu wa mbele hadi ncha ya mguu wa nyuma wa upande wa pili, rangi haijatulia, na anayekuahidi kundi kwa kukitazama tu anakisia. Kuanzia sentimita 2 hadi 3 chungwa linaanza kujionyesha. Kwa hiyo kwenye vitoto hununui rangi, unanunua wazazi. Omba kumwona mama. Omba ganda la baba kama mwenyewe ameshakufa, maana madume hawaishi sana baada ya kukomaa. Uliza pia kama vitoto vyote ni vya kifuko kimoja cha mayai. Meza ya huyu mzalishaji ilikuwa na vitoto vya mama wawili vimepangwa pamoja chini ya karatasi moja iliyoandikwa “Usambara”. Mama wote wawili ni RCF, nimewaona, kwa hiyo rangi haina wasiwasi. Ila mtu anayetaka kuzalisha baadaye anahitaji kujua nani ndugu ya nani, na karatasi ile haimsaidii.

Na ukimsikia muuzaji anasema kwa furaha kwamba amemchanganya RCF na DCF apate “rangi mpya”, achana naye. Wanazaana vizuri, ni spishi moja, lakini watoto wanatoka na rangi ya katikati isiyoeleweka, na ukoo safi unapotea kwa yeyote atakayewanunua. Sina uvumilivu na jambo hili hata kidogo.

Pia kuna wanaofanana. Pterinochilus chordatus anapatikana Tanzania na Kenya, ana miale ileile mgongoni, na rangi yake inaweza kuwa ya haradali iliyokolea. Vitoto vyake ukiviweka karibu na vya murinus utahangaika kutenganisha kwa macho. Pterinochilus lugardi yeye huelekea kijivu, anaweza kuuzwa kama DCF. Ukiona chungwa mwilini lakini miguu ina bluu ya kung'aa, huyo ni Harpactira pulchripes wa Afrika Kusini, mnyama mwingine kabisa. Hapo tena jawabu ni wazazi na maganda.

Ganda ni hati ya mnyama. Manyoya yanabaki kwenye ganda na rangi yake, kwa hiyo ganda la RCF lina miguu ya chungwa hata likikaa kwenye bahasha muda mrefu. Linakuambia na jinsia. Liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo hadi lilainike, kisha kwa brashi ndogo ya rangi na kijiti cha meno likunjue ngozi ya tumbo, upande wa ndani ukutazame. Utaona mabaka manne meupe, hayo ni mapafu. Angalia kati ya yale mawili ya mbele: jike ana vijifuko viwili vidogo vilivyosimama, dume hana kitu pale. Kwa buibui wa sentimita 5 na kuendelea kioo cha kukuzia au kamera ya simu inatosha. Jinsia ina uzito kwenye bei, kwani jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, na dume akishakomaa amebakiza muda mfupi. Dume aliyekomaa utamjua kwa ncha za vipapasio vyake viwili vya mbele, zimevimba. Rangi yake nayo mara nyingi imepauka, si mfano mzuri wa kundi lake. Mzalishaji alinipa ganda pamoja na buibui bila malipo ya ziada. Hapo amepata alama zote.

Kuhusu vipimo, hakikisheni mnazungumza lugha moja. Wengine wanapima mwili, wengine wanapima kutoka mguu hadi mguu. “Sentimita 4” ya mwili ni buibui mkubwa kiasi, “sentimita 4” ya miguu bado ni mdogo. Jike aliyekomaa anafika sentimita 12 hadi 15 kwa miguu.

Kibali usione aibu kukiuliza. Wanyamapori wa Tanzania wanalindwa na sheria ya mwaka 2009, na mwaka 2016 serikali ilisimamisha kusafirisha nje wanyamapori hai. Anayekunong'oneza kwamba wake amechimbwa porini Muheza au Lushoto wiki iliyopita, na ndiyo maana ni “Usambara halisi”, anakuuzia matatizo. Na wa porini huyo kwa kawaida ni mzee usiyejua umri wake, pengine ana vimelea. Aliyezaliwa kwenye kopo, mama yake ukamwona, ndiye wa kununua.

Kasoro kubwa ya huduma hii niliiona ndani ya makopo. Yalikuwa na maji mno. Buibui huyu ni wa mahali pakavu. Hewa ya Tanga peke yake ina unyevu, na masika udongo wa kopo ukilowa haukauki, ukungu unaota, utitiri unafuata, na kitoto kinapanda juu ya kuta kukimbia sakafu. Ukimkuta kitoto amekaa ukutani muda wote, usimlaumu, gusa udongo. Kwa kitoto tumia kopo la mililita 100 hadi 150, matundu mengi ya sindano pembeni na si juu tu, na sentimita 4 au 5 za unga wa makumbi ya nazi uliokauka. Dondosha maji kidogo kona moja mara moja kwa wiki, basi. Mkubwa mpe boksi la sentimita 20 kwa 20 kwa 30, udongo sentimita 10 hadi 15, kifuu cha nazi au gome la kuanzia utando, na kisahani cha maji. Taa ya kupasha joto hapa kwetu haihitajiki. Chakula ni nyenje au mende wa kufugwa wasiozidi ukubwa wa tumbo lake. Mende wa jikoni hapana, huwezi kujua dawa gani wamepita.

Kwa kumbeba, mweke kwenye kopo dogo kiasi cha yeye kutobiringika, ndani tishu yenye unyevu kidogo. Asikae juani, wala kwenye buti ya basi karibu na injini. Kuanguka kwa urefu wa meza tu kunaweza kumpasua tumbo.

Na asimnunue anayeanza ufugaji, wala asikae nyumba ambayo watoto wanafikia makopo. Rangi yake inavutia macho, lakini ni mwepesi kupita kiasi na hana subira. Hana manyoya ya kuwasha ya kujikinga kama tarantula wengi wa Amerika, kinga yake ni mbio na meno. Akiinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, funga kopo, rudi baadaye. Akiuma maumivu ni makali, panawasha na kuvimba, na misuli inaweza kukakamaa kwa vipindi siku kadhaa. Vifo havijulikani, dawa mahususi ya sumu yake haipo. Osha kwa sabuni, tumia dawa ya maumivu, na ukiona pumzi inabana au misuli inakaza, nenda hospitali ya Bombo mara moja. Usimshike kwa mkono kamwe, hata akiwa kitoto. Tumia brashi ndefu na kikombe cha plastiki, na fanya kazi hiyo ndani ya beseni kubwa lenye kuta ndefu, maana akitoka nje ya kopo anakimbilia mkononi kabla hujafunga kifuniko.

Kama mzalishaji atabadilisha ile balbu, atenganishe vifuko kwa karatasi mbili, aandike tarehe za kujivua kwa vitoto na apunguze maji, nitarudisha nyota iliyobaki.