MV Doria: Meli Inayofaa Zaidi Kule Isikoonekana

MV Doria iliundwa Bangladesh na kuletwa Mombasa mwaka 2017 kwa ajili ya kulinda uvuvi, na Novemba 2018, Kikosi cha Walinzi wa Pwani ya Kenya kilipozinduliwa, ndiyo iliyokuwa meli yake kuu. Haifai kuipima ikiwa imefungwa gatini. Ipimwe kwa kazi iliyoundiwa, yaani kukesha mahali ambapo boti za faiba haziwezi kukaa, hasa wakati wa kusi bahari inapochafuka. Eneo la kiuchumi la Kenya linafika maili 200 za baharini, na meli za mbali zinazomwinda jodari hazisogei miambani zikisubiri kukaguliwa. Huko nje, urefu wa mita 54 si anasa.

Wengi hudhani kazi ya meli ya namna hii ni kufukuzana na majangili, kumbe sehemu kubwa ni makaratasi. Chombo kinachovua huitwa kwa redio, boti ndogo huteremshwa, na maafisa hupanda kwa ngazi ya kamba huku vyombo viwili vikipanda na kushuka kwa mawimbi. Leseni hutazamwa, daftari la mavuno hulinganishwa na samaki waliogandishwa ghalani, kisha kipimo bapa chenye ncha kama kabari husukumwa ndani ya jicho la wavu ungali umelowa, jicho baada ya jicho. Hatua hii huchosha, nami ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa kesi isiyo na vipimo haifiki mbali mahakamani.

Katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa pwani ya Kenya, mambo ni mengine. Trola za kambamiti, yaani meli zinazoburuta wavu sakafuni mwa bahari, zinatakiwa zivue nje ya maili 3 kutoka ufuoni, tena mchana tu, lakini maji ya huko ni machache na yana tope la mito ya Tana na Sabaki, si mahali pa meli kubwa. Mvuvi wa Kipini ambaye jarife lake, wavu wa kutega, limeburutwa na trola usiku anahitaji boti iliyo karibu, yenye mafuta, na simu inayopokelewa. Juya nalo, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku mwaka 2001, huvutwa ufuoni kabisa. Hilo ni la BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, na maafisa wa nchi kavu.

Kwa bahari kuu, basi, naipa alama za juu, ingawa ikipandishwa chelezoni kusuguliwa chaza huacha pengo ambalo boti ndogo haziwezi kuliziba. Hata hivyo, fedha zikipatikana, ningezipeleka kwanza kwenye boti na mafuta ya Kipini, Ngomeni na Vanga, ndipo ifikiriwe meli ya pili.