Miche ya miembe ya kupandikiza Malindi: ya kununua na ya kuacha

Ukitoka Malindi mjini kwenda Gede, au ukivuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, miche ya miembe hukosi kuiona ikiuzwa. Inayoulizwa zaidi ni Apple, Ngowe na Boribo. Bei hazipishani sana. Kinachopishana ni afya, na afya ya mwembe mchanga haisomeki kwa rangi ya jani peke yake. Mche hununuliwa ukiwa kijani kibichi, ukapandwa vizuri, kisha mwezi wa pili ncha zikaanza kukauka kutoka juu kushuka chini. Mwenye shamba atalaumu jua au mchwa, na mara nyingi ugonjwa alikuja nao ndani ya mfuko.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Mche uliopandikizwa na fundi anayejua mti mama wake, yaani mti kilikokatwa kijiti cha kupandikiza, katika kitalu kilichosajiliwa na kinachokaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, unastahili kila shilingi. Mche uliokaa juani kando ya barabara mpaka mizizi ikatoboa mfuko, usiuchukue hata kwa nusu bei.

Sababu ni kuvu iitwayo Lasiodiplodia theobromae. Hii huishi ndani ya vijiti vya mwembe bila doa wala harufu, na mti ukishiba maji na chakula huibana isisonge mbele. Mti ukipatwa na dhiki, iwe ni kiu, jua kali, jeraha, mizizi kukatika au maji ya chumvi, nguvu ya kujikinga hupungua, na kuvu ile huanza kula mishipa inayopandisha maji. Ndipo ncha hukauka, gome hupasuka na kutoa utomvu kama gundi. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama mche una ugonjwa. Uliza pia umeteswa kiasi gani, na utateswa kiasi gani baada ya kuupeleka nyumbani.

Ukifika kitaluni, anza na kiungo, pale kikonyo, yaani kijiti kilichotoka kwa mti mama, kilipounganishwa na shina la chini lililoota kutoka kwenye kokwa. Kiungo kizuri kiko karibu sentimita 20 juu ya udongo, hakina ufa, hakitoi utomvu, na unene wa juu na wa chini unakaribiana. Tepe ya nailoni ikiwa bado imefungwa na imeanza kuzama ndani ya gome, mche huo umenyongwa: chakula kinachoshuka kwenye mizizi hukwama hapo. Kisha mwombe muuzaji akuruhusu ukwangue gome kidogo kwa ukucha juu ya kiungo. Chini yake pawe kijani na maji maji. Mstari wa kahawia unaoshuka na kijiti ni kuvu iliyokwisha kuamka; rudisha mche mahali pake.

Sasa tazama majani ya juu. Hapa wanunuzi wengi hukosea, maana majani mekundu mororo, yale yanayoning'inia kama vitambaa, hupendeza sana. Mche wenye majani hayo uko macho, unatumia akiba yake yote kukuza chipukizi, na ukiuhamisha siku hiyo majani hayo hupoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Tena ndiyo majani ambayo chule, kuvu inayoleta madoa meusi, huyapenda zaidi. Chagua mche uliopumzika: majani ya mwisho yamekomaa, kijani cha kuiva, na jicho la nchani limefumba. Mwembe hukua kwa vipindi, ukichipua kisha ukilala, na wakati wa kuuhamisha ni ukiwa usingizini.

Usingizi huo huo ndio unaoamua kama kupandikiza kutashika. Vitalu tunavyoviamini hukata majani ya kijiti cha kikonyo kikiwa bado mtini, wakiacha vikonyo vya majani tu, siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata. Vikonyo hivyo vikidondoka kwa kuguswa na jicho la nchani likiwa limevimba bila kufunguka, kijiti kiko tayari. Kikikatwa kabla ya hapo, kinachelewa kuchipua na hukauka kabla ya kuungana. Kikicheleweshwa mpaka kikatoa majani, hufa kwa kiu. Mwulize fundi jambo hili moja. Akikujibu bila kusita, kazi yake anaijua. Akibabaika, endelea na safari. Swali la pili liwe mti mama uko wapi, na ikiwezekana uuone. Mti mama wenye matawi makavu juu huweza kugawa kuvu kwa miche iliyotokana nao, hata kama tawi lililokatwa lilionekana zima.

Kuna kipimo rahisi cha mti mama wakati wa msimu. Chukua maembe machache yaliyokomaa lakini bado magumu, yaweke kivulini yaive yenyewe. Weusi ukianzia kwenye kikonyo cha embe na kushuka haraka, hiyo ni Lasiodiplodia au jamaa zake. Madoa meusi yakitapakaa mwilini, hiyo ni chule, Colletotrichum gloeosporioides. Chule huingia embe likiwa changa, wakati wa mvua, ikajichimbia chini ya ngozi na kunyamaza, kwa kuwa ganda la embe bichi lina kemikali zinazoizuia. Embe likiiva kemikali hizo hupungua, na ndiyo maana tunda lililotoka shambani safi hujaa madoa likiwa sokoni. Pwani yetu chule ni vigumu kuikwepa kabisa, basi usiukatae mti mama kwa madoa machache. Wa kukataliwa bila mjadala ni ule ambao karibu kila embe lake linaoza kutoka kwenye kikonyo.

Kwa upande wa aina, Apple, ambayo asili yake ni pwani hii hii karibu na Malindi, ina soko zuri na nyama laini isiyo na nyuzi, lakini ni dhaifu kwa chule na ubwiri unga, kuvu inayofunika maua kama unga mweupe, na ina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Anayeipanda ajue atahitaji kunyunyiza dawa ya kopa au ya salfa wakati wa maua. Ngowe, lile refu lenye ncha iliyopinda, lina wateja wake wa zamani, na bado tunalipenda kwa meza ya nyumbani.

Shina la chini nalo lina habari yake. Kokwa la embe halilali kama punje ya mahindi, likikauka limekufa. Kitalu kizuri hupanda kokwa mbichi ndani ya wiki chache, baada ya kupasua ganda gumu la nje, jambo linaloharakisha kuota na pia kumfichua fukusi wa kokwa. Mdudu huyu ni bingwa wa kulala: akitoka kwenye kokwa hujibanza kwenye nyufa za gome, akakaa huko mpaka maua ya msimu ujao. Ukiona lundo la kokwa kuukuu limetupwa kitaluni, hapo pana ghala la fukusi.

Umeshanunua. Kazi sasa ni kutoipa kuvu nafasi ya kuamka. Panda masika yakianza, si Januari au Februari jua la kaskazi likiwaka, ila kama una maji ya uhakika. Shimo liwe sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Penye matumbawe utahitaji mtaimbo, na usikubali kuishia katikati kwa sababu mzizi mkuu ukigonga jiwe, mti utakosa maji kila kiangazi. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe mbili za samadi iliyooza vizuri, urudishe. Mzizi uliojizungusha chini ya mfuko ukate kwa kisu kikali. Ukiachwa unajinyonga wenyewe baada ya miaka. Kiungo kibaki juu ya udongo. Mwagilia lita 20 mara mbili kwa wiki pasipo mvua, na weka matandazo mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Maji yenyewe yaonje. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, na mwembe mchanga hauivumilii: ncha za majani huungua kahawia, kisha matawi hufuata. Hapo dawa ya kuvu haitasaidia kitu mpaka ubadilishe maji.

Ncha ikianza kukauka, kata sentimita 15 chini ya pale kahawia ilipoishia, siku isiyo na mvua, na upake kopa kwenye jeraha. Kati ya mti na mti tumbukiza mkasi kwenye jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja kwa tisa. Wengi huruka hatua hii, kisha mkasi ndio unaosambaza ugonjwa shamba zima. Maua yakitokea miaka miwili ya mwanzo, yang'oe. Inauma, tunajua, lakini mti mdogo unaolea matunda umechoka, na aliyelala ndani yake anangoja uchovu huo.

Turudi kitaluni kwa neno la mwisho: kabla ya kulipa, omba risiti yenye tarehe na jina la aina, na mkubaliane kwa maandishi kwamba mche utakaokauka sehemu iliyo juu ya kiungo ndani ya miezi mitatu utabadilishwa. Vitalu vinavyojiamini hukubali. Ule uliokauka kuanzia mizizini usidai, huo umekufia mikononi mwako.